Misali: kuusoma mchanga kabla ya kuoga

Ukishuka mashuani Mbuyuni, ufukwe wa kisiwa cha Misali huku Pemba, usikimbilie maji. Najua safari ya kutoka Wesha ina jua kali, na rangi ya bahari ya Misali inaita. Lakini tembea kwanza ufukweni huku ukitazama chini. Kazi yangu ni kasa, na miaka yote hii sijaona mahali panaposomeka vizuri kama mchanga wa asubuhi ambao bado haujakanyagwa na watu.

Kasa aliyepanda usiku huacha mburuzo mpana, utadhani trekta limepita. Kasa wa kijani huvuta mapezi yake mawili ya mbele kwa pamoja, kwa hiyo alama za kushoto na kulia zinalingana, na njia yake inaweza kufika upana wa mita moja. Kasa aina ya ng'amba ni mdogo na hutembea kwa kupokezana, pezi hili kisha lile, kwa hiyo alama zake hupishana. Ukiona mburuzo wa kupanda na wa kushuka, na baina yake mchanga umetifuliwa kama shamba lililolimwa, simama hapo hapo. Chini yake huenda pana mayai mia moja au zaidi.

Mayai hayo hakuna anayeyalalia. Mchanga ndio unaoyatamia, kwa muda wa miezi miwili hivi, tena joto lake ndilo linaloamua atoke dume au jike: mchanga wa moto zaidi huleta majike, wa baridi huleta madume. Ndiyo maana nahuzunika kila nikikuta kichaka cha juu ya ufukwe kimekatwa ili mtu apate pa kupikia. Kivuli kile si pambo. Mlakasa unaotambaa juu ya mchanga na miti iliyo nyuma yake ni sehemu ya kiota, sawa na mchanga wenyewe. Asubuhi moja nilikuta majivu ya moto wa kuchomea samaki juu ya kiota nilichokuwa nimekihesabu wiki tatu. Tulipofukua, mayai ya juu yalikuwa yameiva.

Kisiwa chote ni kama kilomita moja ya mraba tu. Kilihifadhiwa rasmi mwaka 1998, na tangu 2005 kimo ndani ya hifadhi kubwa ya mkondo wa Pemba. Lakini heshima ya Misali ni ya kale kuliko sheria hizo. Wazee husimulia kwamba Nabii Khidhri alifika hapa akawaomba wavuvi msala wa kusalia. Hawakuwa nao, naye akasema kisiwa hiki, kwa kuwa kimeelekea kibla, kitakuwa msala wake. Ndipo jina likatoka. Mvuvi wa dago, yaani kambi ya wavuvi, aliyelelewa na hadithi hiyo hahitaji hotuba yangu, na wengi wao ndio wanaoniambia, "Mwanangu, jana kapanda mmoja kule," kabla sijauliza.

Wanaolala kisiwani kwa kibali, taa ndiyo nawaomba zaidi. Kasa jike akiona mwanga wakati anapanda, mara nyingi hugeuka akarudi baharini na mayai yake. Vitoto navyo hutoka usiku, mchanga wa juu ukishapoa, na hufuata upande wenye mwanga zaidi. Kwa maumbile upande huo ni bahari, inayong'aa kuliko miti. Ukiwasha simu yako nyuma yao, watakufuata wewe. Kila kimoja ni kidogo, kinakaa kiganjani, na kikipotea njia hadi kukicha, kaa na ndege wanakisubiri, na jua pia. Msivibebe kuvipeleka majini. Zimeni taa, kaeni nyuma yao, viacheni vitembee vyenyewe.

Atakayepona, kama ni jike, atachukua miaka ishirini au zaidi kufika umri wa kutaga, kisha atarudi kwenye fukwe za huku alikozaliwa.

Na kabla nahodha hajaita, yafukieni mashimo ambayo watoto wameyachimba mchana. Shimo la kina cha mkono linatosha: kitoto cha kasa kikitumbukia humo usiku hakipandi tena.