Mafuta ya Ayurveda kwa Maumivu na Majeraha Madogo: Maswali na Majibu

Mafuta haya hutengenezwaje?

Katika Ayurveda, tiba ya jadi ya India, mafuta ya ufuta au ya nazi huchemshwa polepole pamoja na dawa za miti hadi maji yote yakauke. Kanuni yake ya kale hutia sehemu 1 ya dawa iliyosagwa, sehemu 4 za mafuta na sehemu 16 za maji ya dawa. Murivenna, mafuta ya jimbo la Kerala kusini mwa India, kwa mfano, ina mafuta ya nazi, tambuu, mshubiri, mlonge na kitunguu, vitu ambavyo si vigeni hata kidogo kwa watu wa pwani yetu.

Nimeteguka kifundo cha mguu asubuhi hii. Je, nichuliwe?

Leo hapana. Katika saa 48 za mwanzo mishipa midogo iliyopasuka ndani huwa bado inavuja damu, na kuchua au kukanda kwa moto huzidisha uvimbe. Pumzisha mguu, uinue, ufunge bendeji isiyobana mno, na uweke barafu iliyoviringishwa kwenye kitambaa kwa dakika 15 hadi 20, mara kadhaa kwa siku. Uvimbe ukishaanza kunywea, mafuta ya uvuguvugu yanaweza kupakwa kwa mkono mwepesi. Lakini ukishindwa kupiga hata hatua nne, au mguu umepinda, au vidole vimekufa ganzi, unahitaji eksirei kabla ya chupa yoyote.

Murivenna maana yake ni mafuta ya jeraha. Mbona nakatazwa kuyatia kwenye kidonda?

Jina hilo limewaponza wengi. Waganga wa Kerala huyatumia kwa kufunga bendeji na kumfuatilia mgonjwa, ilhali chupa inayofunguliwa kila siku nyumbani si safi kiasi cha kumiminwa kwenye nyama iliyo wazi. Kidonda kioshwe kwa maji safi yanayotiririka. Aliyeungua apoozwe kwa maji ya bomba kwa dakika 20, bila mafuta.

Je, yanaponya kweli?

Maumivu ya misuli iliyochoka na ya magoti yanaweza kupungua, ila ni vigumu kutenganisha kazi ya dawa na kazi ya mkono unaochua, kwa kuwa kuchua peke yake huleta nafuu. Kwa maoni yangu, anayeuza mafuta kwa ahadi ya kuunga mfupa hafai kusikilizwa.

Nani ajihadhari?

Mafuta yenye kafuri yawekwe mbali na watoto, kwani wakiyameza wanaweza kupata degedege. Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, aepuke yenye methili salisilati, dawa ya maumivu ambayo hupenya ngozini na kuzidisha hatari ya kuvuja damu. Shavu la mguu mmoja likivimba na kuuma bila kuumia, lisichuliwe kabisa, maana huenda kuna damu iliyoganda mshipani. Mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Wengine wote wajaribu kwanza tone moja mkononi, wasubiri saa 24 kuona kama ngozi itawasha.