Je, wajua kwa nini Wamarekani Weusi wengi hukwama mwaka 1870 wanapotafuta mababu zao?

Marekani imekuwa ikihesabu watu wake kila baada ya miaka 10 tangu 1790. Mtu anayefuatilia nasaba huko huanza kwa kuwauliza wazee walio hai, kisha anarudi nyuma sensa baada ya sensa. Kitukuu wa watumwa hurudi hivyo mpaka 1870. Akifungua ya 1860, ukoo mzima haumo.

Mababu walikuwepo, majina yao ndiyo hayakuandikwa. Sensa ya 1850 ilikuwa ya kwanza kumtaja kila mtu huru kwa jina, wakiwemo Weusi waliokwisha kuwa huru. Watumwa waliwekewa daftari la peke yao, mwaka huo na 1860, walipokuwa karibu milioni 4. Ukurasa wake unatia uchungu. Juu pana jina la mmiliki, chini yake safu za umri, jinsia na rangi: 34, mwanamume, mweusi, 30, mwanamke, mweusi, 6, msichana, chotara. Msichana huyo ni wa nani? Daftari halisemi. Utumwa ulifutwa kikatiba Desemba 1865, ndipo sensa iliyofuata ikawaandika wote kwa majina.

Njia mojawapo ya kuvuka hapo ni kumfuata mmiliki. Mwenye shamba alipofariki, mali yake iliorodheshwa kwa ajili ya mirathi, na watumwa wakaandikwa humo kwa majina, kila mmoja na bei yake, sambamba na ng'ombe na majembe. Lakini mmiliki yupi? Wengi hudhani kila aliyeachwa huru alibeba jina la ukoo la bwana wake wa mwisho. Sivyo. Wengine walishika la bwana wa zamani, wengine walijichagulia wenyewe.

Ndiyo maana nyaraka ninazozithamini zaidi ni zile ambazo waliokuwa watumwa walizungumza wenyewe. Freedman's Bank, iliyoanzishwa 1865 kwa ajili yao, iliwauliza wateja walikolelewa, majina ya baba, mama, ndugu na watoto, na mwanzoni hata ya bwana wao wa zamani. Benki ilifilisika 1874 na akiba za watu wengi zikapotea, dhuluma kubwa kwa watu waliokuwa wanaanza maisha. Madaftari yake yalisalia.

Tajiri kuliko yote ni majalada ya pensheni za askari na wajane wao. Wanajeshi Weusi wapatao 179,000 waliupigania Muungano, yaani upande wa Kaskazini, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Mjane wa askari alitakiwa kuthibitisha ndoa, ilhali sheria za utumwa hazikuitambua ndoa ya mtumwa, wala hakuwa na cheti. Basi waliitwa mashahidi: waliokaa naye shamba moja, waliohudhuria harusi, mkunga aliyempokea mtoto. Karani akaandika maelezo yao, na humo mna majina, mashamba, nani aliuzwa wapi na nani alizaliwa lini.

Majalada hayo yamo katika Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka, Washington, na hutafutwa kwa jina la askari na kikosi chake. Kama babu yako hakwenda vitani, tafuta ya majirani zake wa sensa ya 1870. Huenda yeye au mkewe aliitwa kutoa ushahidi, na shahidi naye aliulizwa habari zake.