Mvuke wa petroli na damu ya mhudumu wa pampu

Lita 40 za petroli zikiingia kwenye tangi la gari, karibu lita 40 za hewa iliyoshiba mvuke husukumwa nje. Kama pampu haina mfumo wa kunyonya mvuke, hewa hiyo hutokea kwenye mdomo wa tangi, palepale anapoinamia mhudumu. Gari likiondoka linakuja jingine, na zamu nzima huenda hivyo.

Ndani ya mvuke huo kuna benzeni. Si nyingi: Umoja wa Ulaya tangu mwaka 2000 hauruhusu izidi asilimia 1 ya ujazo wa petroli. Lakini madhara yake hutegemea pia miaka ambayo mtu ameivuta. Ini huibadilisha benzeni kuwa kemikali nyingine, nazo huishia kwenye uboho, kiwanda cha damu kilicho ndani ya mifupa. Hapo uzalishaji huanza kuzorota. Mtu huchoka bila sababu, fizi hutoa damu, homa na vidonda haviishi. Kwa wengine, miaka kadhaa baadaye, hujitokeza saratani ya damu. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliuweka moshi wa injini za dizeli kwenye kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu mwaka 2012, na petroli yenyewe mwaka 2025. Benzeni ilikuwemo siku nyingi.

Wafanyakazi wengi husema wameshazoea harufu. Kilichozoea ni pua, uboho hauzoei. Marekani kiwango cha juu cha benzeni kazini ni sehemu 1 kwa milioni ya hewa kwa wastani wa saa 8, na hilo hupimwa kwa kifaa kinachovaliwa karibu na pua.

Barakoa ya kitambaa au ya hospitali haizuii mvuke hata kidogo. Kinachofaa, hasa kwa wanaosafisha matangi, ni kinyago chenye kichujio cha kaboni cha mvuke wa kikaboni, nacho hubadilishwa kwa ratiba, maana kaboni ikishajaa hupitisha kila kitu. Ndani ya tangi lisilo na hewa safi ya kutosha hata hicho hakitoshi; anayeingia huvaa kifaa kinacholetewa hewa kutoka nje. Kwenye pampu, simama upande upepo unakotoka, na nozeli ikijikata usiongeze "kidogo tu" hadi shingoni: nyongeza hiyo hukurudishia mvuke usoni, au petroli yenyewe miguuni.

Mafundi wanaonawa grisi kwa petroli huondoa mafuta ya asili ya ngozi na kuipasua, kisha benzeni hupenya. Tumia sabuni. Ovaroli iliyolowa ivuliwe papo hapo, mbali na moto, wala isifuliwe pamoja na nguo za watoto. Kuvuta petroli kwa mdomo kupitia mpira ni hatari ya aina yake, kwani tone likiingia mapafuni huleta nimonia kali. Aliyemeza asitapishwe, apelekwe hospitali.

Kipimo cha picha kamili ya damu kifanyike kabla ya kuanza kazi, kisha kila mwaka, na mfanyakazi abaki na nakala zake. Tuseme chembe nyeupe zilikuwa 7.8, zikawa 6.4, sasa ni 4.6. Kila jibu peke yake litaandikwa "kawaida". Ukiyapanga pamoja unaona zinashuka. Na ukienda kutibiwa upungufu wa damu, mwambie daktari kwamba unafanya kazi na petroli na umeifanya kwa miaka mingapi, la sivyo huenda ukaishia kupewa vidonge vya madini ya chuma na kurudi kwenye pampu ileile.