Je, wajua kwa nini galoni ya Marekani haijazi galoni ya Uingereza?

Ukiulizwa galoni moja ni lita ngapi, usijibu upesi. Uliza kwanza: galoni ya nani? Galoni ya Marekani ni lita 3.785411784. Galoni ya Uingereza, ile inayoitwa galoni ya kifalme, ni lita 4.54609. Namba zote mbili ni kamili kisheria, wala si makadirio. Mimina galoni moja ya Marekani ndani ya chombo cha galoni moja ya Uingereza, na juu itabaki nafasi ya mililita 761 hivi, zaidi ya chupa ya nusu lita iliyojaa.

Ndiyo maana makosa mengi ya kugeuza galoni kuwa lita hayatoki kwenye hesabu. Kikokotoo huwa kimefanya kazi yake sawasawa. Kilichokosewa ni kizidisho kilichoingizwa.

Chanzo cha mgawanyiko huu ni Uingereza yenyewe. Zamani huko kulikuwa na galoni zaidi ya moja, kutegemea kinachopimwa: mvinyo ulikuwa na galoni yake, bia yake, nafaka yake. Mwaka 1707, enzi za Malkia Anne, galoni ya mvinyo iliwekwa kisheria kuwa inchi za ujazo 231, yaani silinda yenye kipenyo cha inchi 7 na kina cha inchi 6. Fanya hesabu hiyo mwenyewe kwa pai ya 22/7. Nusu kipenyo ni 3.5, mraba wake ni 12.25, zidisha kwa 6, kisha kwa 22/7. Jibu ni 231 bila hata nukta ya ziada. Galoni ya bia ilikuwa kubwa zaidi, inchi za ujazo 282.

Makoloni ya Amerika yalitumia galoni ya mvinyo, na ikabaki huko hata baada ya uhuru. Kisha mwaka 1824 Bunge la Uingereza likafutilia mbali galoni zake zote za zamani na kuweka moja mpya, iliyopatikana kwa mizani: ujazo wa ratili 10 za maji yaliyokenekwa, yakipimwa katika joto la nyuzi 62 za Farenhaiti. Marekani haikufuata. Mwaka 1832 Hazina yake ilichagua kubaki na inchi 231. Kwa hiyo, kinyume na wengi wanavyodhani, galoni ya Marekani si toleo lililopunguzwa la ile ya Uingereza. Ndiyo ya zamani kati ya hizo mbili.

Na ile safu ya desimali, 3.785411784, haikuokotwa popote. Tangu mwaka 1959 inchi moja ni sentimita 2.54 kamili. Zidisha 2.54 mara 2.54 mara 2.54, utapata sentimita za ujazo 16.387064. Zidisha kwa 231, unapata 3,785.411784, na kwa kuwa sentimita moja ya ujazo ni mililita moja, kazi imekwisha.

Programu za kugeuza vipimo mara nyingine huonyesha galoni ya tatu, ya Marekani lakini ya vitu vikavu, yenye lita 4.405 hivi. Hiyo ni ya nafaka. Usiiguse unapopima kimiminika.

Utajuaje ni galoni ipi iliyo mbele yako? Kama lebo imeandikwa galoni na lita pamoja, gawanya lita kwa galoni: ukipata 3.78 au 3.79 ni ya Marekani, ukipata 4.54 au 4.55 ni ya Uingereza. Kama hakuna lita, tafuta painti au aunsi. Galoni zote mbili zina painti 8, lakini painti ya Marekani ina aunsi za ujazo 16 na ya Uingereza ina 20. Galoni ya Marekani basi ina aunsi 128, na ya Uingereza ina 160. Usitegemee dumu lenyewe. Watu huita dumu la plastiki galoni bila kujali linabeba nini, na dumu la lita 20, kwa mfano, ni galoni 5.28 za Marekani au 4.4 za Uingereza.

Kwenye aunsi kuna mtego ambao huwanasa hata wazoefu. Galoni ya Uingereza ni kubwa kuliko ya Marekani, lakini aunsi yake ya ujazo ni ndogo: mililita 28.41 dhidi ya 29.57. Ukibeba wazo la kwamba kila kipimo cha Uingereza ni kikubwa, hapo ndipo utakapoteleza.

Tuchukue dawa ya kupulizia mimea. Lebo inasema aunsi za ujazo 2 kwa kila galoni ya maji, na bomba lako la mgongoni linabeba lita 16. Njia ndefu ni kugeuza kila kitu: aunsi 2 za Marekani ni mililita 59.15, lita 16 ni galoni 4.227, zidisha, upate 250 na ushei wa kukadiria. Njia fupi ni kukumbuka kwamba aunsi ni sehemu ya galoni, kwa hiyo huhitaji lita za galoni kabisa. Aunsi 2 kati ya 128 ni sehemu moja ya 64. Lita 16 ni mililita 16,000, gawanya kwa 64: mililita 250 kamili. Kama lebo ni ya Uingereza, aunsi 2 kati ya 160 ni sehemu moja ya 80, na jibu ni mililita 200.

Sasa tazama kinachotokea vipimo vikichanganywa. Ukisoma lebo ya Uingereza kana kwamba ni ya Marekani, utatia mililita 250 badala ya 200, yaani dawa imezidi kwa robo nzima, na majani yanaweza kuungua. Ukichukua lebo ya Marekani, ukapima aunsi zake vizuri, lakini ukahesabu galoni kuwa lita 4.546, utatia mililita 208 hivi badala ya 250. Dawa imepungua kwa asilimia 17, wadudu hawafi, na lawama zinaangukia dawa.

Kabla ya kuondoka kwenye lebo, hakikisha aunsi yenyewe ni ya ujazo. Kwenye lebo za kutoka ng'ambo huandikwa fl oz. Ikiandikwa oz peke yake, hasa kwenye unga, huenda ni aunsi ya uzito, ambayo ni gramu 28.35. Hiyo hupimwa kwa mizani, si kwa kikombe chenye alama.

Kwa hesabu za kichwani, njia ninazoziamini ni hizi. Galoni za Marekani: zidisha kwa 4, kisha toa sehemu ya ishirini ya jibu. Galoni 30 ni 120, toa 6, lita 114. Jibu halisi ni 113.56. Galoni za Uingereza: zidisha kwa 9, gawanya kwa 2, ongeza asilimia moja. Galoni 30 ni 270, nusu yake 135, ongeza 1.35, lita 136.35, na jibu halisi ni 136.38. Ukitaka jozi za kukumbuka, galoni 22 za Uingereza ni lita 100 kwa tofauti ya mililita 14 tu, na galoni 14 za Marekani ni lita 53 kasoro mililita 4. Galoni 5 za Uingereza ni karibu sawa kabisa na 6 za Marekani.

Kurudi kutoka lita, zidisha kwa 0.264172 kupata galoni za Marekani, au 0.219969 kupata za Uingereza. Mita moja ya ujazo ni galoni 264.17 au 219.97.

Makadirio hayo yanatosha ndoo na dumu, hayatoshi tangi. Ukitumia 3.8 badala ya 3.785411784 kwenye galoni 10,000, umejiongezea lita 146 ambazo hazipo. Shika desimali zote hadi mwisho, kisha ndipo ukadirie, mara moja tu. Anayekadiria kila hatua hulimbikiza makosa bila kuyaona.

Tangi la mstatili ni rahisi kuliko linavyoonekana. Pima ndani, si nje, kwa sababu unene wa kuta huhesabika, na kina kihesabiwe hadi kwenye tundu la kufurikia, si hadi ukingoni. Kwa sentimita: urefu 120, upana 80, kina 100, zidisha upate 960,000, gawanya kwa 1,000, lita 960. Hizo ni galoni 253.6 za Marekani au 211.2 za Uingereza. Kwa inchi usihangaike na lita kwanza: urefu mara upana mara kina, gawanya kwa 231, umepata galoni za Marekani moja kwa moja. Kwa za Uingereza gawanya kwa 277.42. Kosa la kawaida hapa ni kugeuza kipimo cha ujazo kama cha urefu. Mita moja ni sentimita 100, lakini mita moja ya ujazo ni sentimita za ujazo 1,000,000, yaani lita 1,000.

Pampu zilizoandikwa galoni kwa dakika hufuata kanuni ileile. Galoni 10 za Marekani kwa dakika ni lita 37.85 kwa dakika. Zidisha kwa 60, gawanya kwa 1,000, unapata mita za ujazo 2.27 kwa saa. Pipa la mafuta ghafi, lile la bei za soko la dunia, ni galoni 42 za Marekani, sawa na lita 158.99, hata habari ikitoka London.

Matumizi ya mafuta ya gari yanahitaji uangalifu wa pekee. Uingereza huuza mafuta kwa lita lakini bado hutangaza magari kwa maili kwa galoni, na galoni hiyo ni ya kwao. Gari la maili 40 kwa galoni ya Uingereza huenda kilomita 14.2 kwa lita. Gari la maili 40 kwa galoni ya Marekani huenda kilomita 17. Kizidisho ni 0.354 kwa la kwanza na 0.425 kwa la pili. Ukitaka lita kwa kilomita 100, usizidishe, gawanya: 282.5 kwa namba ya maili kwa galoni ya Uingereza, au 235.2 kwa namba ya maili kwa galoni ya Marekani. Ni kugawanya kwa sababu kipimo kimoja huhesabu umbali kwa mafuta na kingine mafuta kwa umbali, kwa hiyo namba moja ikipanda nyingine hushuka.

Mkanganyiko huwa mkubwa zaidi pale ujazo unapokutana na uzito. Tarehe 23 Julai 1983 ndege ya Air Canada aina ya Boeing 767 iliishiwa mafuta angani. Ilihitaji kilo 22,300, na ndani kulikuwa na lita 7,682. Waliopiga hesabu walizidisha lita hizo kwa 1.77, ambayo ni ratili kwa lita, badala ya 0.803, ambayo ni kilo kwa lita. Wakaona wana kilo 13,597 ilhali walikuwa na 6,169. Wakaongeza lita 4,917 mahali pa 20,088. Rubani aliiteremsha ndege bila injini katika uwanja wa zamani wa jeshi huko Gimli, Kanada, na abiria wote wakanusurika. Namba 1.77 yenyewe haikuwa na kosa. Ilikosa jina la kipimo pembeni yake.

Kama unapokea mafuta kwa wingi, liko jambo moja ambalo kizidisho hakiwezi kulitatua. Petroli hutanuka kwa takribani sehemu moja ya elfu kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Galoni 10,000 za Marekani ni lita 37,854, lakini zikipoa kwa nyuzi 10 zitasoma pungufu kwa lita 380 hivi. Ndiyo maana biashara ya mafuta hurekebisha ujazo kwa joto la rejea, nyuzi 15 za Selsiasi katika nchi nyingi na nyuzi 60 za Farenhaiti Marekani. Lita zikipungua kiasi hicho kati ya kupakia na kupakua, linganisha kwanza vipimo vya joto vya pande zote mbili kabla ya kurudia hesabu ya galoni.