Mbwa anaona gizani, dereva hamwoni: kumtembeza mbwa jioni za baridi Arusha na Moshi

Ilikuwa Julai, saa 2 kasoro usiku, manyunyu yakidondoka, pale kijana mmoja mlinzi alipoingia kliniki yetu akiwa amempakata mbwa mweusi kama mtoto. Mkononi bado alishika kipande cha kamba ya nailoni, ile ya kuanikia nguo. Kiganja kilikuwa kimechubuka mstari mmoja mwekundu, kutoka kwenye gumba hadi kidole cha mwisho.

"Shikamoo, daktari. Nilimshika kabisa. Kamba ndiyo imekatika."

Niliitazama ile kamba chini ya taa. Haikuharibika jioni ile. Pale penye fundo ilikuwa imesagika siku nyingi, zimebaki nyuzi nne au tano tu zikisubiri siku yake. Mbwa alimwona paka ng'ambo ya barabara. Kijana hakumwona paka. Mwendesha bodaboda hakumwona mbwa. Mbwa alivunjika mguu wa nyuma, na mwenye bodaboda akavunjika mtulinga. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa mzembe kwa maana tunayoizoea. Walikuwa watatu kwenye giza moja, na kila mmoja alikuwa anaona kitu tofauti na mwenzake.

Sisi madaktari wa mifugo tunaipokea habari hii kwa sura nyingi kila baridi inapoingia, ndiyo maana nimeona niiandike.

Kwanza tuelewane kuhusu giza lenyewe. Ukitafuta ushauri wa kutembeza mbwa wakati wa baridi, mwingi utakuta umeandikwa na watu wa Ulaya. Kwao Desemba ndiyo shida. London jua huzama kabla ya saa 10 alasiri, kuna barafu njiani, kuna chumvi ya kuyeyushia barafu inayounguza nyayo za mbwa. Hayo ni ya kwao. Sisi tuko nyuzi tatu na kidogo kusini mwa ikweta, na jua letu mwaka mzima huzama kati ya saa 12:20 na saa 1 kasoro dakika chache. Julai ni kama saa 12:40. Siku zetu hazifupiki sana.

Kinachobadilika ni wingu. Kuanzia Juni mpaka Agosti Mlima Meru unaweza kujifunika siku kadhaa mfululizo, na upande wa Moshi Kilimanjaro nayo hivyohivyo, hata saa 12 kamili ikaonekana kama saa 1. Halafu huku kwetu jua huteremka wima, halizungukizunguki. Likishazama, ndani ya dakika 20 hadi 25 ni usiku. Unatoka getini bado unaona rangi za maua ya jirani, ukifika kona ya pili huoni mtaro. Pale Shanty Town, Moshi, chini ya ile miti mikubwa, giza linakuwahi zaidi. Arusha, kwenye njia za ndani za Njiro na Moshono, nyumba zina taa lakini barabara haina, na mwanga wa getini unakupofusha kuliko kukusaidia.

Sasa mbwa. Nyuma ya jicho lake kuna tabaka linalong'aa ambalo binadamu hatuna. Mwanga hafifu ukiingia hupita kwenye retina, hugonga tabaka hilo, kisha hurudishwa upite tena mara ya pili. Ndiyo maana ukimmulika usiku macho yake huwaka kijani au njano. Ongeza pua na masikio, utaona kwamba jioni mbwa wako anapata habari za barabara kabla yako. Ameshajua kuna paka juu ya ukuta, kuna jike aliyeingia kwenye joto nyumba ya tatu, kuna mfupa kwenye majani. Macho yako wewe yanahitaji karibu nusu saa kulizoea giza vizuri, na kila ukitazama skrini ya simu unaanza upya. Kwa hiyo anapochomoka, yeye ana sababu na wewe huna taarifa.

Na kuona kwake vizuri hakumfanyi aonekane. Hapa ndipo watu wengi wanapojidanganya. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, ambayo ndiyo kikomo cha mwendo kwenye makazi, linakula karibu mita 14 kila sekunde. Mpe dereva sekunde moja ya kushtuka, kisha breki. Kwenye lami kavu atasimama baada ya mita 28 hivi, na lami ikiwa na manyunyu ni zaidi ya hapo. Mtu aliyevaa koti jeusi, mwenye mbwa mweusi, huweza kuonekana kwa taa za chini akiwa ndani ya umbali huohuo au pungufu. Dereva anakuona vizuri kabisa, lakini ameshachelewa. Bodaboda ambayo taa yake ni dhaifu au imezimwa, hesabu yake ni mbaya zaidi.

Dawa yake ni ya bei ndogo. Nunua kizibao cha reflekta kama wanavyovaa bodaboda, vaa wewe. Nunua cha pili, mpelekee fundi cherehani akate zile tepu zinazong'aa azishone kwenye mkanda mpana wa kumzungushia mbwa kifuani na ubavuni. Usiishie kwenye mkanda wa shingo, maana manyoya huufunika, hasa kwa hawa wenye damu ya mbwa wa Kijerumani. Taa ndogo ya nyuma ya baiskeli, ile inayomwekamweka, ukiifunga kwenye mkanda huo inafanya kazi kuliko vitu vingi vya gharama. Tochi uwe nayo, ielekeze chini hatua chache mbele yako. Usimmulike dereva machoni, utampofusha wakati ambao unamhitaji aone.

Magari yetu hupita kushoto, basi wewe tembea kulia ukiyatazama yanakuja. Mbwa awe mkono wako wa kulia, upande wa majani, wewe uwe katikati yake na lami. Nalisisitiza hili kwa sababu mbwa wengi waliofundishwa wamezoeshwa kutembea kushoto kwa mtu, na mwenye mbwa hujivunia mazoea hayo. Mchana sawa. Gizani, kushoto kwako ndiko kwenye magurudumu. Mfundishe na kulia pia, wiki mbili tatu za vipande vya nyama zinatosha kwa mbwa wengi.

Barabara kuu ya Arusha hadi Moshi usiitumie kabisa kwa kazi hii baada ya jua kuzama, iwe Tengeru, Usa River au Boma Ng'ombe. Malori hupita pale, na bega la barabara ndilo njia ya baiskeli, ya waenda kwa miguu na ya bodaboda zinazopita upande usio wake.

Kuhusu kamba, nina neno moja kali. Kamba ya nguo, katani la kufungia ng'ombe na waya wa umeme havifai. Chukua mkanda bapa wa kitambaa kizito, urefu wa mita moja na nusu hivi, wenye ndoano ya chuma. Kila jioni kabla ya kutoka uupitishe vidoleni kuanzia ndoano hadi kishikio, kama mtu anayetafuta mwiba. Sehemu iliyosagika utaisikia kabla hujaiona. Ingiza gumba kwenye kishikio, kunja kiganja, na mkono wa pili ushike katikati. Usiuzungushe kwenye vidole wala kifundo cha mkono, maana mbwa wa kilo 35 akichomoka anaweza kukuvunja. Kola nayo iwe ya kukaza kiasi cha vidole viwili kupita, isije ikavuka kichwa anaporudi kinyumenyume kwa woga.

Wapo wanaofungua geti jioni na kusema mbwa akajinyooshe mwenyewe, atarudi. Naomba sana muache tabia hiyo. Mbwa huyo ndiye anayegongwa, ndiye anayeokota nyama yenye sumu, ndiye anayerudi ameumwa na mwenzake na hakuna ajuaye ni wapi.

Lipo jambo lingine ambalo watu wanaona aibu kulisema. Saa ya kumtembeza mbwa ndiyo saa ya adhana ya Magharibi. Watu wameshika udhu wanaelekea msikitini, na mate ya mbwa yakimgusa mtu au nguo yake ni najisi, itabidi arudi akajitwaharishe. Saa hiyohiyo watoto wanatoka tuisheni, na akina mama wanatoka sokoni na mizigo kichwani. Gizani mtu haoni kama mbwa ameshikwa. Anachosikia ni kupumua. Fupisha kamba mapema, sogea pembeni, simama, umweke mbwa nyuma ya miguu yako, kisha sema kwa sauti: "Pita tu, mama, nimemshika." Usiseme "haumi." Hakuna mbwa asiyeuma, kuna mbwa ambaye hajapata sababu.

Mkikutana na kundi la mbwa wa mitaani, usikimbie na usimnyanyue wako juu, wataruka kumfuata. Simama, wageukie ubavu, rudi taratibu. Ukiinama kama anayeokota jiwe wengi watarudi nyuma, somo hilo walishalipata zamani. Wakishikana, mkono wako usiingie katikati. Mwaga maji, watupie koti kichwani.

Na hapa nasema kama daktari, bila kupunguza maneno. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Duniani kinakadiriwa kuua watu wapatao 59,000 kila mwaka, na karibu wote wameambukizwa na mbwa. Mbwa wako achanjwe akiwa na miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka, na kadi yake iwe mahali ambapo hata mlinzi anapajua. Mtu akiumwa au kukwaruzwa na mbwa, osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kwa saa ya simu, kisha aende hospitali usiku huohuo. Pilipili, mafuta ya taa, jiwe la nyoka, vyote weka kando. Sindano za kinga hutolewa kwa siku zilizopangwa, na kuacha katikati kwa sababu kidonda kimekauka ni hatari kubwa.

Mbwa akigongwa, usidanganyike akisimama na kutembea. Damu inaweza kuwa inavuja tumboni. Mbwa mwenye maumivu huuma hata mkono uliomlea, kwa hiyo mfunge mdomo kwa kipande cha kitambaa, kanga inafaa, isipokuwa kama anatapika au anapumua kwa shida. Ukifika kwenye mwanga, inua mdomo wa juu utazame fizi. Zinatakiwa ziwe za waridi. Bonyeza kwa kidole mpaka pawe peupe, achia, uhesabu. Rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Fizi zikiwa nyeupe au rangi ikichelewa, huyo hana muda wa kusubiri asubuhi. Mbebe juu ya ubao au gunia lililokazwa na watu wawili, mgongo unyooke. Yule kijana alimpakata kwa mapenzi, na bahati nzuri uti wa mgongo ulikuwa mzima.

Nilimuuliza kijana yule kama alikuwa na tochi. Hakuwa nayo. Reflekta? Hakuwahi kupewa. Katika nyumba nyingi za mjini anayetembeza mbwa si mwenye mbwa. Ni mlinzi, ni kijana wa kazi, wakati mwingine ni mtoto wa darasa la tano. Mwenye nyumba amenunua chakula cha mbwa cha mfuko, amelipia chanjo, lakini mtu aliyeshika kamba hana hata viatu visivyoteleza. Baba au mama mwenye mji, toka naye jioni moja, mtembee njia yote pamoja. Mwonyeshe mtaro usio na mfuniko uko wapi, nyumba ipi ina mbwa anayepenya getini, na namba ya daktari aiandike kwenye simu yake, siyo yako. Mtoto chini ya miaka 15 asitumwe na mbwa mkubwa gizani hata kama mbwa ni mpole. Na kama ratiba ya nyumbani inaruhusu, sogeza matembezi yawe saa 11 jioni. Asubuhi pia Julai kunakucha kuelekea saa 12:40, kwa hiyo kuamka saa 11 alfajiri hakukutoi gizani.

Mbwa mzee anahitaji jicho la ziada. Akianza kusita kwenye ngazi jioni, au kukwama mlangoni asitake kutoka wakati mchana anatoka vizuri, watu husema amezeeka au anaogopa baridi. Inawezekana ni viungo vinavyokakamaa, na hilo kwa baridi ya Arusha linatokea kweli. Lakini kushindwa kuona gizani mara nyingi ndiyo dalili ya kwanza ya retina kuharibika, kabla hajashindwa kuona mchana. Zima taa za sebuleni, mwite kutoka upande wa pili wa chumba, umwangalie anavyopita kwenye viti. Akigonga, mlete.

Mkirudi, kabla hajaenda kulala, mkalishe chini ya taa ya barazani. Pitisha vidole katikati ya kucha kutafuta vipande vya chupa na miiba. Tazama nyuma ya masikio na chini ya kwapa kama kuna kupe. Kama mlipita kwenye majani mabichi, tafuta siafu, huwa wanang'ang'ania kwenye ngozi laini ya tumbo, na mbwa asiyetulia usiku kucha huenda ana mmoja au wawili tu. Akitoka udenda mwingi, akitetemeka au kuyumba ndani ya saa chache baada ya kurudi, chukulia ameokota kitu chenye sumu njiani. Usimpe maziwa, usimtapishe kwa chumvi. Piga simu, na kama alibakiza kile alichokula, kifunge kwenye mfuko wa plastiki uje nacho.