Sukari ya "Si Neno": Maswali ya Wahudumu wa Zahanati, Lamu

Hali inayotangulia kisukari ni ipi hasa?
Ni sukari iliyopita kawaida lakini haijafika ya kisukari. Kwa damu ya mshipa inayopimwa maabara, mtu akiwa hajala kwa saa 8, Shirika la Afya Duniani linahesabu milimoli 6.1 hadi 6.9 kwa lita (mmol/L), Wamarekani wanaanzia 5.6. Ikifika 7.0 ni kisukari, na kama hana dalili, kipimo kirudiwe kuthibitisha.

Mgonjwa ana 6.4 na hajisikii chochote. Nimwambie arudi akiona dalili?
Hapana. Hali hii kwa kawaida haina dalili. Akianza kuamka usiku mara nne kukojoa na kiu haimwishi, huyo keshavuka. Wapo wanaongoja kuona sisimizi kwenye mkojo. Sukari huanza kumwagika kwenye mkojo damu ikifika karibu 10, kwa hiyo anayengoja sisimizi anaungoja ugonjwa wenyewe.

Basi nimwambie "imepanda kidogo tu"?
Hapana, tena hapana. Ukisema "kidogo tu" yeye anasikia "si neno", akitoka hapo anapitia soda dukani. Sema hivi: "Mama, sukari yako imevuka kawaida. Bado si kisukari, na hapa ndipo pa kuizuia." Kisha mpe tarehe. Asiondoke bila tarehe.

Nimpime nani?
Mwenye mzazi au ndugu wa kisukari, mwenye presha, mama aliyepata kisukari cha mimba, na mwenye kitambi. Tumbo lipimwe kwa utepe, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, akishatoa pumzi. Si juu ya buibui wala fundo la kikoi. Sentimita 80 kwa mwanamke na 94 kwa mwanamume zinatosha kukushtua.

Mbona majibu ya kidoleni yanayumba?
Mara nyingi kosa ni letu. Kidole kilichoshika halwa husoma juu: kioshwe kwa sabuni, kikaushwe. Kopo la stripu, vile vijikaratasi vya kupimia, likiachwa wazi, unyevu wa pwani huziharibu. Usikikamue kidole. Na usiulize "Umekula?", maana kwa wengi chai si kula. Uliza: "Tangu kuamka, kinywani kimeingia nini?" Hata ukifanya yote sawa, mashine ya kidoleni inaweza kupotoka kwa asilimia 15, kwa hiyo 6.0 yake ni sababu ya kumpeleka maabara, si hukumu. Mwenye selimundu usitegemee HbA1c yake, kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu hivi; hudanganya.

Nimshauri nini kinachofaa kweli?
Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2002 ulionyesha kuwa kupunguza uzito kwa asilimia 7 na kutembea dakika 150 kwa wiki kulipunguza walioingia kwenye kisukari kwa asilimia 58. Dawa ya metformini ilipunguza kwa asilimia 31. Mtu wa kilo 80 anatakiwa apunguze kilo 5.6 tu.

"Lamu hatuna magari, sote twatembea" ni hoja ninayoisikia mno. Kutoka dukani hadi msikitini si mazoezi. Aende kijiji cha Shela kwa miguu ufukweni badala ya kupanda mashua: ni kama dakika 40, kwa mwendo wa kumfanya aongee lakini asiweze kuimba.

Chakula kianze na chai. Vikombe vinne vya vijiko vitatu ni vijiko 12, karibu gramu 48 za sukari, kabla hujahesabu mahamri. Kahawa tungu haina kosa. Kosa ni halwa iliyo pembeni yake. Wali wa nazi usizidi robo ya sahani, samaki robo, nusu iwe mchicha, bamia au biringani. Sharubati si tunda, tafadhali.

Nimrudishe lini?
Uzito kila mwezi ukiweza, sukari angalau mara moja kwa mwaka. Mama wa kisukari cha mimba apimwe wiki 6 hadi 12 baada ya kujifungua, hata kama mtoto yuko salama na yeye anajiona mzima. Tarehe iandikwe kwenye daftari lake na lako kabla hajainuka kitini.