Elementi muhimu kwa uhai ni nini?

Elementi ni dutu isiyoweza kugawanywa kwa njia za kikemia ikawa dutu nyingine sahili zaidi. Oksijeni, kaboni, chuma na shaba ni elementi. Maji siyo, kwa kuwa hutengana yakawa hidrojeni na oksijeni.

Kwa uzito, karibu asilimia 65 ya mwili wa binadamu ni oksijeni, 18 kaboni, 10 hidrojeni na 3 nitrojeni. Zilizosalia zote, pamoja na kalsiamu ya mifupa, zinagawana asilimia 4 hivi. Lakini wingi hauonyeshi uzito wa kazi. Chuma cha mwili mzima wa mtu mzima ni kama gramu 4, sawa na msumari mmoja, na bila hicho hakuna anayeishi. Kila molekuli ya himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, ina atomi nne za chuma. Kila atomi hudaka molekuli moja ya oksijeni mapafuni na kwenda kuiachia kwenye misuli, ubongo na kwingineko. Pweza, kaa na kamba kazi hiyo wameipa shaba, ndiyo maana damu yao ikibeba oksijeni huwa na rangi ya buluu. Kwenye majani ya kijani, katikati ya klorofili, dutu inayoyapa rangi hiyo, imekaa magnesiamu.

Sasa, si kila elementi inayokutwa mwilini ni muhimu. Mwaka 1939 Arnon na Stout, waliochunguza lishe ya mimea, waliweka masharti ambayo bado yanafundishwa: mmea ukiikosa elementi hiyo haukamilishi maisha yake, hakuna nyingine inayoweza kushika nafasi yake, na inahusika moja kwa moja na lishe ya mmea. Risasi, ile metali nzito, huweza kupimwa ikaonekana kwenye damu ya mtu, lakini haina kazi yoyote inayojulikana humo. Ni sumu tu.

Iodini, ambayo wengi tunaijua kama madini joto, ni muhimu kwa binadamu, tena kwa kiasi kidogo ajabu: mtu mzima huhitaji mikrogramu 150 kwa siku. Tezi ya shingoni huitumia kutengeneza thairoksini, homoni yenye atomi nne za iodini. Ikipungua, tezi huvimba likawa rovu. Na mama mjamzito akiikosa sana, ubongo wa mtoto hudumaa akiwa bado tumboni. Hasara hii ya pili ndiyo kubwa, ingawa rovu ndilo linaloonekana. Ndiyo sababu madini joto huongezwa kwenye chumvi.

Kuzidi nako kuna madhara. Floridi, yaani elementi ya florini jinsi inavyokutwa kwenye maji, ikiwa kidogo hulinda meno, lakini Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa, na baadhi ya vyanzo vya maji vya Arusha vinapita hapo. Watoto wanaokua wakiyanywa hupata meno ya kahawia. Kuchemsha hakusaidii: maji hupungua kwa mvuke, floridi inabaki palepale.